Mguu Unaongoja

Jumatatu, 9 Julai 2001

Kazi ya siku nzima imeharibika kwa sababu ya heshima!

Nianze mwanzo. Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milima ya Iveti hadi mlangoni mwa ukumbi wa kanisa. Mitaboni yote ilimezwa, ikabaki harufu ya mandazi tu. Nimeomba ruhusa ya wiki mbili kwenye shule ya nasari ninakofundisha, na sasa mimi ni msaidizi wa utafiti. Jina kubwa. Kazi yenyewe ni kubandika vitufe vya kung'aa kwenye viungo vya akina mama — bega, nyonga, goti, kifundo — na kutafsiri Kikamba chao kwa Dkt. Waithira na Kiswahili chake kwao. Daktari ametoka chuo kikuu huko Nairobi. Hatibu mtu. Anachunguza jinsi binadamu anavyotembea: misuli, neva, uti wa mgongo, na mwili unavyofanya ukibebeshwa mzigo kwa mukwa, ule ukanda wetu wa kichwani. Anataka kutulinganisha sisi wa milimani na watu wa tambarare ya Kivaa, kule Masinga. Fundi wake, Josphat, ndiye mwenye kamera, kompyuta, jenereta na malalamiko.

Wa kwanza alikuwa susu Kavutha, bibi wa jirani. Alikuja na viatu vya Jumapili na leso iliyopigwa pasi. Akavuka ukumbi kama mtu anayepeleka sadaka madhabahuni — polepole, shingo imenyooka, macho chini. Waliomfuata wote vivyo hivyo! Daktari akasema watembee kawaida. Nikasema kwa Kikamba. Wakaitikia vizuri sana, kisha wakapeleka sadaka tena. Na nani atatembea mbele ya mgeni kama anayekwenda mtoni? Daktari alishika kichwa. Josphat akasema labda tununue madhabahu.

Lakini ile skrini! Mtu anapotea, zinabaki nukta. Hakuna uso, hakuna nguo, hakuna umri — nukta nyeupe zinazotembea gizani. Nilimtambua Kavutha humo humo na Josphat akashangaa. Mimi hilo nimezaliwa nalo. Tangu utotoni namjua mtu kwa mwendo akiwa bado mdogo kama sisimizi kwenye ukingo wa mlima. Baba, Mungu amrehemu, nilimjua kabla ya mbwa kumjua. Mguu wake wa kulia ulikuwa unangoja kidogo hewani kabla ya kukanyaga. Nilikuwa nikiuona huo mguu naenda kuweka chai.

Jumatano, 11 Julai

Tumepona. Akina mama walichoka kukaa kwenye benchi wakatoa vyondo vyao wakaanza kusuka. Kavutha akaishiwa na uzi, akainuka kwenda kuomba kwa mwenzake upande wa pili. Mikono inasuka, mdomo unamsema mkwewe, miguu inajiendea yenyewe. Kamera ilikuwa haijazimwa. Daktari alipiga kelele kama aliyeona nyoka: hiyo! hiyo ndiyo ninataka!

Sasa kila mtu anatembea na kiondo mkononi. Viatu vya Jumapili vimerudi kabatini.

Mchana Daktari alinieleza, tukiwa tumekaa kizingitini. Anasema kutembea hakuulizi kichwa kila hatua. Uti wa mgongo unaujua mdundo wenyewe, kichwa kinaitwa tu kukiwa na jiwe au shimo. Au mgeni, nikasema. Akacheka. Ni Mkikuyu mkavu kidogo, lakini akicheka anapendeza.

Nimelifikiria jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani. Kumbe tunabebwa! Unadhani unakwenda dukani, kumbe kuna kitu kimya mgongoni kinachokupeleka. Nilijaribu kutembea bila kufikiria, nikajikwaa mara moja.

Ijumaa, 13 Julai

Wa Kivaa wamefika na gari la mradi. Watalala kwa masista. Wanalalamikia baridi, wamejifunga mablanketi kama wagonjwa. Mmoja ni msichana wa miaka kumi na tisa, Ndanu, mrefu, mpole, anauza samaki wa bwawa na mamake. Nilipombandika vitufe alicheka kwa sababu ya mtekenyo. Sikuona chochote.

Nilikuwa nje nikinywa chai wakati anatembea. Nikarudi ndani Josphat akiwa anairudia picha. Giza. Halafu nukta.

Baba.

Nimeandika neno hilo kisha nimeliangalia muda mrefu. Lakini ndiyo hivyo. Baba alikuwa anavuka skrini. Kushoto, kisha ule wa kulia ukaja, ukangoja hewani, ukakanyaga. Baba aliyekufa mwaka wa tisini na mbili. Nikauliza ni nani huyu. Josphat akasema ni yule msichana, Ndanu, kwani vipi?

Nimesema sina neno. Nimemwaga chai.

Baba alikuwa fundi wa mbao kwenye ujenzi wa bwawa la Masinga. Ubao ulianguka ukampiga goti, mwaka wa themanini. Nilikuwa darasa la tano. Bwawa likaisha, yeye akabaki huko kama mlinzi. Nyumbani alikuja mwisho wa mwezi na mkate, na samaki waliofungwa kwa gazeti. Wakati mwingine mwezi haukuwa na mwisho. Kivaa iko hapo hapo karibu na bwawa.

Jumamosi, 14 Julai

Ukungu. Nimeota nukta zinapanda kilima chetu, na mbwa wetu wa zamani, marehemu naye, hakubweka.

Siku ya mazishi watu wa bwawani walikuja na lori. Wanaume, wanawake, watoto. Nilikuwa nalia. Sikuangalia miguu ya mtu.

Jumatatu, 16 Julai

Leo Daktari ndiye aliyeuliza. Si mimi.

Amekuwa akiziangalia zile picha wikendi nzima. Anasema Ndanu ana goti zima, nyonga nzima, amemkagua mwenyewe kwa mikono yake. Kwa nini basi mguu unangoja? Misuli iko sawa, waya za kuipima zimeisikiliza. Akaweka kalamu mdomoni, akawaza, kisha akanigeukia.

"Muulize, alipokuwa mdogo alikuwa akitembea na nani?"

Nikauliza. Ningeweza kuuliza kitu kingine, nani angejua? Lakini niliuliza. Ndanu akainamisha kichwa, akacheka kwa haya. Akajibu kwa Kikamba chao cha kule chini, kinachovutwa:

"Na baba. Kila asubuhi nilikuwa namsindikiza kazini, huko kwa bwawa. Njia ni nyembamba, mimi niko nyuma yake, nakanyaga penye amekanyaga. Yeye alikuwa anachechemea, basi na mimi nachechemea. Mama alikuwa ananichapa juu ya hiyo!"

"Amesema nini?" Daktari akauliza.

"Amesema ni babake."

"Alikuwa anachechemea?"

"Ndiyo."

Daktari akapiga makofi. Alifurahi kama amepata mtoto. Akanieleza haraka haraka, mikono inaruka: hii siyo damu, Mutanu! Mguu ulioumia haurithiwi. Hii inaingia kwa kutembea pamoja, asubuhi nyingi, mtoto akiwa bado mlaini. Mwenye mwendo anakwenda zake, mwendo unabaki.

Ningetaka iwe damu. Nasema wazi hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Damu ningeivumilia. Wanaume wengi wa bwawani waliacha damu yao huko, watoto wa nje, watu wanajua na wanakula ugali wao. Lakini asubuhi nyingi! Mimi sikumbuki asubuhi moja.

Sikumwuliza jina la babake. Naye alisema "alikuwa". Kwa hivyo amekufa. Kwa hivyo sote wawili tumefiwa.

Jumanne, 17 Julai

Nilimwomba Josphat anipime mimi. Akanibandika vitufe kwa adabu sana, uso pembeni, mpaka kimoja akakibandika kwenye meza. Nikavuka ukumbi nikisuka kiondo cha Kavutha.

Nilivyokaa kungoja ile picha! Moyo unapiga kama wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilitaka sana. Hata kidogo tu, hata mguu ungesitasita mara moja.

Nukta zikaja. Hatua fupi, za haraka, bega moja mbele kama anayepita mlango mwembamba. Ni Mama kabisa. Mama akiwahi soko, Mama akifuata mbuzi. Mguu wa kulia haungoji mtu.

Nikaenda nyuma ya jenereta nikalia, maana pale hakuna anayesikia. Nina wivu. Umri wa miaka thelathini na mbili na nina wivu wa mguu.

Jumatano, 18 Julai

Mama ni wa Ijumaa. Mimi mwenyewe nilimwandikisha, kabla ya haya yote, nikajivunia. Na Ijumaa hiyo hiyo wa Kivaa wanarudia kutembea na mzigo, kwa sababu stima ilipotea wakiwa katikati.

Jioni nilimtazama Mama kwa siri. Picha ya Baba iko juu ya redio. Mama hamsemi sana Baba. Akimsema, anasema vizuri: alileta mkate, alichonga kile kiti, hakuwa mtu wa kelele. Miaka tisa amekaa na mtu huyo, amemlainisha, amempanga vizuri kama nguo za sandukuni. Nani atakwenda kulifungua hilo sanduku? Huyu msichana akipita mbele yake hata mara moja — Mama si kipofu. Uwezo wangu wa kujua watu kwa mwendo nimeupata wapi kama si kwake?

Nikamwambia: "Mwaitu, ile mashine imeharibika. Usijisumbue Ijumaa."

"Imeharibika nini?"

"Waya."

"Haya basi," akasema, akaendelea kusuka kiondo. Sikupenda ile "haya basi". Ilikubali haraka.

Alhamisi, 19 Julai

Daktari alinituma sokoni kununua nyanya za akina mama wa Kivaa, Ndanu akasema atanisaidia kubeba. Sikuweza kukataa. Labda sikutaka kukataa.

Tukashika ile njia ya mkato katikati ya mashamba, kando ya matuta. Ni ya mtu mmoja mmoja. Alitangulia yeye. Mahindi yamekauka yanasemezana, ukungu bado haujainuka vizuri, kila kitu kina rangi ya maziwa. Na mbele yangu mguu unangoja, unakanyaga. Unangoja, unakanyaga.

Sijui nini kilinishika. Nilianza kukanyaga penye amekanyaga. Mara ya kwanza nilikosea, mara ya pili nikapata. Ukingoja hivyo hewani kuna nafasi ndogo — sijui niiteje. Dunia inakaa kimya kidogo halafu inaendelea. Kumbe Baba alikuwa akiishi humo! Nilimfuata hivyo mpaka karibu na barabara, mwanamke mzima anachechemea kwenye mahindi, na sijawahi kuwa karibu naye hivyo tangu azikwe. Hata kabla ya kuzikwa.

Ndanu akasikia, akageuka.

"Auntie, umeumia?"

"Mwiba," nikasema.

Akachuchumaa kuutafuta mwiba kwenye mguu wangu! Nikiwa nimemshika bega, akaanza kuongea chini huko, kama watu wanaoongea na kazi mkononi. Akasema anapenda huku milimani. Babake alikuwa akimwambia habari za milima. Kwamba huko juu yuko na msichana mkubwa mwenye macho makali. Anamtambua akiwa bado mbali, kwenye ukingo, na anakimbia kuweka chai kabla mbwa hajabweka.

"Sioni mwiba, auntie."

"Umetoka," nikasema.

Tukanunua nyanya. Niliomba tupunguziwe, nikasahau kusubiri jibu. Alikuwa akinisema kule! Asubuhi hizo zote, kwenye njia nyembamba, nilikuwa natembea nao na sikujua. Nashindwa kulia, nashindwa kucheka. Ndanu hajui ni mimi. Au anajua? Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida tulipogawana mzigo.

Lakini Mama hapana. Haya ni yangu, nitayabeba. Mama aachwe na mkate wake na kiti chake.

Ijumaa, 20 Julai

Niko stoo ya ukumbi. Nimesema nakuja kutafuta vibandiko. Vibandiko viko mfukoni mwangu.

Mama amekuja!

Saa nne hivi niliona zile hatua fupi langoni, bega mbele, Kavutha nyuma yake anahema. Kavutha ndiye aliyemwambia mashine ni nzima kabisa, na haijawahi kuwa na waya mbaya. Mama hakunigombeza. Hakuvaa viatu vya Jumapili. Amekuja na akala zake za tairi za kila siku na kiondo, akakaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha, akaanza kusuka.

Na Ndanu alikuwa ndani, tayari na mzigo, mukwa kwenye paji la uso.

Nikasema, "Mwaitu, twende kwanza kwa masista uwasalimie."

"Nitawasalimia."

"Kuna chai huko."

"Nimekunywa chai."

Mlango ulikuwa umerudishwa, hakuweza kuona kitu. Nikajipa moyo. Nikasimama katikati ya benchi na mlango kama askari. Ndani Josphat akasema haya, anza.

Sikufikiria masikio.

Ile sakafu ya ukumbi inasema kila kitu. Hatua. Kisha ile nafasi. Kisha hatua. Mikono ya Mama ikasimama. Mama anasuka kwenye mahubiri, anasuka kwenye matanga, alisuka nikiwa nasomewa matokeo yangu ya kidato cha nne. Mikono ikasimama, uzi umevutwa nusu. Nikafungua mdomo, akainua kidole ninyamaze. Alisikiliza mpaka mwisho wa ukumbi. Alisikiliza akigeuka. Alisikiliza akirudi.

Sijawahi kuuona uso huo. Haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka ng'ambo ya bonde na anataka kuhakikisha.

Ndanu akatoka, jasho usoni, mukwa umeshuka shingoni, alama yake bado kwenye paji. Akaona mzee, akainama akampa mkono kwa heshima. Mama akaushika mkono ule asiuachilie. Akamtazama kuanzia miguuni, polepole kwenda juu. Nikangoja aulize huyu ni nani, mtoto wa nani, wa wapi. Nilikuwa nimetayarisha uongo mwingine.

Hakuuliza. Alinigeukia mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Amekuwa mrefu."

Kisha akaweka kiganja ubavuni mwake. "Siku ya mazishi alikuwa ananifika hapa."

Ndipo nikakimbilia stoo.

Miaka tisa! Kumbe sanduku hilo yeye ndiye aliyelifunga, na alijua kila kilichomo. Mimi ninayejidai naona watu kutoka ukingo wa mlima! Yeye siku ya mazishi, akiwa mjane wa siku tatu, aliangalia miguu. Akanyamaza kwa ajili ya nani? Yangu? Nilikuwa namlinda yeye, naye ananilinda mimi, tumelindana humo nyumbani mpaka tumekuwa kama wageni.

Naona kupitia ufa wa mlango. Mama amesogeza kiondo, ametengeneza nafasi kwenye benchi. Ndanu ameketi, ncha tu ya benchi, magoti pamoja. Kavutha ameondoka — Kavutha! — bila kuambiwa. Josphat anaita mtu anayefuata. Hakuna anayeinuka. Daktari ametokeza kichwa, ameangalia, amekirudisha ndani, Mungu ambariki. Mama anauliza kitu. Ndanu anaonyesha kwa mkono kule mashariki, kuliko na bwawa. Mama anatikisa kichwa kuitikia. Ndanu anafuta macho kwa leso, Mama anamwambia neno, Ndanu anacheka huku analia.

Sasa Mama anaita. Mutanu! Ananiita na sijafunga kalamu. Anasema nitoke huko, hakuna vibandiko vinavyotafutwa hivyo. Anasema nije nikae hapa upande huu, palipo wazi.

Nakuja, mwaitu. Nakuja.

Anamwambia Ndanu auvue mukwa, auweke chini. Anamwambia atembee tena. Si ndani. Hapa, uwanjani, mpaka langoni na kurudi, bila mzigo, bila vile vitufe. Sauti yake imepungua, nimeisikia kwa shida. "Polepole, mwanangu. Niko na hamu ya kuona."

Ndanu ananitazama kwenye ufa, moja kwa moja, kama aliyejua muda wote niko hapa. Ameinuka. Wa kushoto umekanyaga. Wa kulia uko hewani —